Kafeo

Nilikiokota sokoni Memorial, chini ya rundo la makoti:
kamusi ya Kiido, jalada limeliwa na mende,
muuzaji akidhani ni kitabu cha sala.
Shilingi mia tano. Akanirudishia mia, kwa huruma.

Kiido, lugha iliyoshonwa mezani
na watu waliochoka kutoelewana.
Hata jina lake maana yake mzao,
mtoto wa lugha nyingine, nayo ilishonwa vilevile.
Sijui mtoto aliyelilia ziwa kwayo.

Nikafungua K, kwa kuwa mimi ni mtu wa Moshi:
kafeo.
Ile o ya mwisho ni kofia tu, kila jina huvaa.
Ukiivua inabaki kafe,
na pembeni, kwa wino mdogo, herufi sita:
Mjerumani, Mwingereza, Mfaransa,
Mwitaliano, Mrusi, Mhispania.
Hao ndio mashahidi. Hao ndio waliohesabiwa.

Nikaanza kupanda, kama afuataye mfongo
kutoka mgombani hadi kwenye kijito.
Mwitaliano kaitoa kwa Mturuki.
Mturuki kaitoa kwa Mwarabu: qahwa.
Hapo nikasimama.
Si huyuhuyu
aliyepita pwani akaongezwa irabu,
akapanda reli hadi kwetu
akaitwa kahawa na kila mtu pale kiwandani?
Ndugu wa tumbo moja:
mmoja kaenda Ulaya, h ikamdondoka njiani,
mwingine kabaki na h yake, na vumbi.

Juu ya qahwa maji ni haba.
Wapo wasemao ni jina la mahali; wapo wakataao.
Lakini watunga kamusi wa kale waliandika:
kinywaji kimwondoleacho mtu
hamu ya chakula.

Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena.

Mama yangu, Ndeshukurwa, alichambua buni
miaka kumi na tisa, jirani na stesheni:
nzima huku, iliyovunjika kule, nyeusi tupa.
Jioni alichemsha zile zilizokataliwa.
Alitupakulia sisi watano, sufuria ikakwanguliwa,
akakaa kwenye kigoda na kikombe chake,
chungu, bila sukari.
"Kuleni. Mimi sina njaa."

Na sisi tulikula.

Leo nimechonga penseli.
Baada ya herufi ya sita nimeandika N.
Nafasi ilikuwa finyu, imebanana na ukingo.