Nani Kafagia?

Banda la Mhina, barabara ya Kumi na Nne,
shilingi mia tano, baiskeli unaiegesha kwa dhamana yako.
Nimeingia na sare yangu ya manispaa, sina aibu,
nikakaa benchi la mbele, lile lenye mguu mbovu,
maana mjukuu wangu Mbwana kaniambia:
Bibi, leo sehemu ya saba. Leo Kipanga anapigwa.

Kipanga silo jina lake. La kwao limemshinda Mhina kulitamka,
naye ndiye mkalimani, mwenye maiki na kikombe cha tangawizi.
Akampa hilo, nasi tukalipokea.

Nianze na uzuri, nisije nikaitwa mchawi wa furaha za watoto.

Kuna mlango.
Mtu aliyekunja reli asubuhi kama ninavyokunja khanga,
akasimamisha treni kwa bega moja,
jioni kasimama mbele ya mlango wa mama yake,
kainua mkono agonge,
mkono haukufika.
Akaushusha. Akauinua.
Taa ya ndani ikazimwa, mama kaenda kulala,
yeye yuko pale pale, kofia mkononi.
Hata Mhina, ambaye hunyamaza akimeza mate tu,
alinyamaza.
Nyuma yangu mtu akapenga kamasi.
Baba yake Mbwana yuko Muheza, si mbali, nauli ya basi tu,
mwaka wa tatu huu hajagonga.
Aliyeuandika mlango ule anajua kitu. Nampa haki yake.

Lakini.

Lile jitu la macho ya taa limemkaba Kipanga shingo,
kalegea, kazi imebaki kubana tu,
basi likaanza kuhutubia!
Lilizaliwa wapi, lilionewa na nani darasa la nne,
litautawalaje ulimwengu, kipengele kwa kipengele.
Mwizi wa kuku wa Mabawa hana hotuba.
Humnyonga kuku, akaenda zake.

Na yule dada daktari, aliyeshona moyo wa mtu sehemu ya tatu,
leo kawekwa juu ya paa apige mayowe.
Kapiga, kapiga vizuri. Ila ngazi ilikuwa nyuma yake.
Niliiona mimi, aliiona Mbwana,
aliiona hata muuza karanga aliyechungulia mlangoni.

Lililoniinua kwenye benchi ni hili:
wamepigana, ghorofa kumi na nne zikashuka,
vioo, matofali, nondo, magari chali kama mende,
njia nzima vumbi.
Picha ikakata. Asubuhi yake,
njia ile ile, nyeupe kama sahani ya mgeni.
Nikasema kwa sauti: Nani kafagia?
Wakanizomea. Bibi, kaa chini!
Sikukaa. Nina miaka kumi na tisa na fagio la chelewa,
najua kipande kimoja cha chupa ya soda
kinavyojificha mchangani kungoja unyayo wa mtoto.
Ghorofa kumi na nne ni wiki sita, watu arobaini,
na matoroli yasiyo na pancha.
Mhina akacheka ndani ya maiki.

Ndipo umeme ukakatika. Kipanga yu hewani, hajatua.
Watoto wakadai hela zao.
Mhina akawasha tochi ya simu, akaiweka chini ya kidevu,
picha hakuna, akasimulia kutoka kichwani:
Kipanga akatua, akavua joho, akauliza, fagio liko wapi?
Mama mmoja mwenye sare akamwambia,
shika hivi, si hivyo, usitie watu vumbi.
Banda likacheka. Nami nikacheka,
ingawa najua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Saa kumi alfajiri nimeanzia hapo hapo, mlangoni kwake.
Maganda ya karanga, makapi ya miwa,
kinyago cha karatasi cha Kipanga, kimekanyagwa pua.
Nikatoa simu, nikalitazama jina la mwanangu.
Kidole kikakaribia.
Bado usiku, nikajiambia, nikairudisha mfukoni.

Sehemu ya nane ni Ijumaa.
Nitalipa. Mguu wa benchi wameufunga kamba.