Kinu cha Ahero

Chumba kiko juu ya duka la misumari, karibu na Kibuye.
Pangaboi linazunguka kama linatafuta kitu lilichoangusha.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa nusu siku
kuyang'oa maneno kwenye Kiingereza cha mkataba
na kuyaweka mezani yakiwa bado yanapumua.

Upande wa dirisha, Domtila Akeyo, mdai.
Upande wa mlango, Habil Wangatia, mdaiwa,
ambaye ni mdai pia, maana naye kaja na dai kinzani.
Kati yao, kinu kimoja cha kukoboa mpunga,
kilichonunuliwa kwa pesa za wawili
na kufungwa kwa kufuli mbili.

Kifungu cha kumi na nne kinasema
mzozo usifike kortini, uende kwa msuluhishi.
Msuluhishi ni Bi. Nekoye, mhandisi mstaafu,
aliyeomba kwanza picha ya injini,
kisha ndiyo akauliza majina.

"Bila kuathiri haki," nikafasiri.
Habil akataka maana.
Maana yake, nikamwambia, unaweza kulegea humu ndani
na ulegevu wako usikufuate nje.
Akakaa kimya, akikuna kiganja.
Akasema laiti angelijua neno hilo
mwaka jana, siku ile ya mvua, pale ghalani.

Miaka kumi na mmoja nayapima maneno haya.
Amri: mtu mmoja anatosha.
Hukumu: mmoja, na kiti kirefu.
Lakini kupatana, kuridhiana, kusikizana,
ule mkia wa *-ana* hautikisiki
mpaka wawepo wawili.
Ndiyo, na kugombana vilevile. Na kudaiana.
Lugha haikutuahidi kitu.
Ilihesabu watu tu.

Saa nane tuzo ikasomwa.
"Tuzo?" Domtila akaketi wima. "Nimeshinda nini?"
Hujashinda, mama. Ndivyo uamuzi unavyoitwa.
Kinu kibaki Ahero, mikononi mwako.
Habil alipwe fidia kwa awamu sita, mavuno kwa mavuno.
Kila upande ubebe gharama zake.

Wakatia sahihi. Kalamu ilikuwa moja,
ikabidi mmoja ampokeze mwenziwe.

Kwenye ngazi Habil akageuka:
"Asubuhi za baridi haiwaki,
mpaka uilegeze ile nati ya kushoto."
"Najua," Domtila akasema.
"Kufuli yako niliikata mwezi wa tatu."

Hilo halikuwa kwenye ushahidi.
Nikatazama dari.
Habil akacheka kwa pua kwanza,
halafu kwa tumbo, akashika ukuta.

Nami nikauliza, kwa adabu, habari ya nusu siku yangu.
Domtila akamnyooshea Habil kidole.
Habil akamnyooshea Domtila.
Chini muuza misumari alikuwa anapima kilo,
akiongeza msumari, akipunguza, akiongeza,
na mteja wake hajaridhika bado.