Fomu, Sehemu ya Nne

Mshauri wa masomo ana umri wa binti yangu wa pili.
Ananisukumia fomu, na kalamu yenye nembo ya chuo.
"Usiharakishe, Tauno," anasema. "Andika kilichomo moyoni."
Sehemu ya nne: malengo yako kwa miaka mitano ijayo.
Nafasi iliyoachwa ni upana wa vidole vitatu.
Mimi ninavyo viwili na nusu; cha kati
kilibaki kwenye mashine namba tatu, mwaka ule wa theluji nyingi.

Nimeipapasa karatasi kabla ya kuisoma.
Mazoea. Gramu themanini, unyevu umezidi kidogo,
haikutoka kwetu. Kwetu hakitoki kitu tena.
Miaka ishirini na sita nililala mchana,
nikaamka jioni kuilisha mashine misitu iliyochemshwa,
hadi Jumanne moja meneja akapanda juu ya kreti
akatusomea barua, sauti yake nyembamba
kuliko chochote tulichowahi kukitengeneza.

Malengo.
Kiwandani lilikuwepo moja, ukutani, kwa rangi nyekundu:
tani mia nne kwa zamu.
Mtu hakuulizwa anataka kuwa nani.
Aliulizwa gombo limechanika wapi.

Ninaandika: Kupata kazi.
Ninakata.
Ninaandika: Kuwa muuguzi msaidizi, wodi ya wazee.
Nalitazama neno "muuguzi" kwa mwandiko wangu huu
kama mtu aliyejiona kwenye kioo cha duka
amevaa kofia ya mwenzake.

Sijamsimulia mshauri baridi ya mwisho ya baba,
nilivyojifunza kumgeuza kitandani bila kumvuta ngozi,
nilivyojua kwa pumzi tu kwamba sasa ana kiu.
Raili, muuguzi wa manispaa, alikuja mara mbili kwa wiki,
akasimama mlangoni akinitazama nikifunga kitambaa.
"Una mikono ya kazi hii," akasema,
akavaa buti zake, akaondoka.
Kwa watu wa kwetu, hiyo ni hotuba ndefu.

Darasani, Eetu, mwenye pete puani, ananiita babu
kisha ananong'ona nimsaidie asilimia.
Asilimia nazijua. Dawa kwa kilo ya mwili,
kemikali kwa tani ya rojo la mbao, hesabu ni ile ile;
ila ukikosea hapa,
kinachochanika si karatasi.

Kiswidi ndicho kinachonitoa jasho.
Marjut ameyabandika maneno kwenye friji, kwenye kioo,
hata mlango wa sauna, ambako wino umeanza kutiririka.
Usiku namsikia akicheka chini ya blanketi
nikinyambua vitenzi kama mtu anayetafuna kokoto.

Samaki mkunje angali mbichi, naam.
Lakini kila Krismasi mama alimtoa darini samaki mkavu,
mgumu kama ubao, ungeweza kumpigilia msumari,
akamloweka siku baada ya siku, akibadilisha maji.
Nyumba nzima ilinuka. Tulilalamika.
Naye akalainika.
Mimi nimo majini tangu Agosti.

Basi, kwa herufi ndogo, ili nienee:
mwaka huu, Kiswidi, hata kwa alama ya mwisho kabisa.
Mwaka kesho, mafunzo ya wodini, na kutoona haya
vijana wakinifundisha kutandika kitanda.
Wa tatu, cheti, na deni la paa lililipwe.
Halafu zamu za usiku, niziombe mwenyewe,
kwani usiku ndiyo shule niliyohitimu:
saa tisa, wengine wakiwa wamezama usingizini,
mzee fulani wa mashine namba tatu atashtuka
aulize mbona kumekuwa kimya hivi,
na awepo mtu anayejua
ni kimya gani anachokisema.

Nafasi imekwisha.
Mshauri anachungulia, anainua nyusi.
"Unaweza kuendelea nyuma," anasema.
Nageuza karatasi.