Mita Mbili

Saa kumi na mbili na robo. Asubuhi haijanawa uso.
Fausto anawasha injini ya panga,
ndivyo tuitavyo kimashua cha kushukia;
hakina makali, lakini maji kinayakata.
Nishikeni kiwiko, nawaambia, si vidole,
vidole vina jasho, na hatua ya kwanza Fernandina
ni juu ya jiwe lililowahi kuchemka kama uji.

Wageni kumi na sita. Nimewahesabu mara mbili.
Daktari wa meno na mkewe, hawasemezani tangu Jumanne.
Bwana Tadeusz, miaka themanini na mmoja,
kofia kaifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu.
Msichana apigaye picha kila kitu
isipokuwa alichokikanyaga.

Hawa weusi, waliolundikana kama nguo za kufua,
ni iguana wa baharini. Wanakula mwani,
wanapiga chafya ya chumvi.
Na yule ndege, mabawa mafupi
kama mikono ya shati lililorudi kwa kufuliwa,
alisahau kuruka, maana hapakuwa na wa kumkimbiza.

"Na mlima huu utalipuka lini?"
Huulizwa kila safari.
Haujaniambia, najibu. Wanacheka. Mlima haucheki.

Sheria ni mita mbili.
Usiguse, usilishe, usiokote hata gamba la kaa.
Jana usiku tulisugua soli kwa brashi
ili mbegu ya kisiwa hiki isilale kisiwa kile.
Kwetu Santa Cruz, kule juu penye ukungu,
mpera ni adui. Ndiyo, mpera.
Uliletwa na mtu aliyependa mapera, basi.
Leo tunaufyeka kwa mapanga ya kweli
na wiki ya pili umechipua, hauna kinyongo.

Miaka kumi na tisa nayasema haya.
Mdomo unajua njia, kichwa huenda zake.
Huenda kwa baba, Baltazar Masaquiza,
aliyeshuka kutoka Salasaca na poncho yake nyeusi
kuja kubeba mawe ya hoteli ya watu.
Huenda kwa binamu yangu Delfín,
aliyekutwa sokoni hana kadi ya ukaazi,
akapandishwa ndege ya saa nane
na ndala zake miguuni,
samaki aliyemnunua kabaki mezani kwa muuzaji.

Ndipo tukamkuta.
Mtoto wa simba-bahari, mbavu zinahesabika,
analia kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.
Alituchungua wote, akamchagua mzee Tadeusz,
akaja hadi kiatuni, akaweka pua.

"Mita mbili," nikasema.
"Mwambie yeye," akanijibu. "Mimi nimesimama."

Nikaeleza: tukimshika, harufu yetu itamganda,
mama akirudi atamkana.
"Na asiporudi?"

Jibu ninalo. Nimefundishwa, nimelitoa mara mia:
hatuingilii, mwewe naye ana makinda.
Na mwewe alikuwapo, juu ya kigingi cha njia,
anangoja bila haraka, kama karani.
Lakini asubuhi ile jibu liligoma kooni.
Nikamshika mzee kiwiko, nikamrudisha nyuma,
hatua moja, ya pili.
Mtoto akafuata. Tukarudi tena.
Akafuata.

Mke wa daktari akalia. Mumewe akampa leso.

Usiku, chini ya taa ya jikoni, najaza fomu.
Kisiwa: Fernandina. Wageni: kumi na sita.
Matukio: kalamu inakwama hapo, wino upo.
Fausto anakoroga kahawa.
Anasema, wakati sisi tuko nchi kavu
aliona kichwa kikichomoza karibu na panga,
kikaelekea ufukweni.
Jike? namuuliza.
Anapuliza kikombe.
Huenda jike, anasema. Huenda mawimbi tu yalikuwa yanapita juu ya jiwe.