Mtungi wa Shilingi Hamsini

Dorsila, mama yangu, aliununua Kibuye Jumapili:
mtungi wa buluu, mdomo mpana,
wa kuvundikia unga wa mtama.
Ojijo muuzaji aliugonga kwa kifundo cha kidole:
"Sikia huo! Ulikuwa wa mafuta ya kupikia, haki ya Mungu."
Mama akafungua pindo la leso,
akatoa hamsini iliyokunjwa mara nne.

Aliuosha kwa mchanga, kwa jivu, kwa sabuni ya kipande,
kwa ndimu tatu za kukopa.
Akaufunika. Akaufunua. Akanusa.
"Nawe nusa."
Nikaingiza uso mzima.
Mbali, chini kabisa, kulikuwa na kitu,
harufu ya Ahero,
ya mpunga uliopulizwa dawa jana,
siku ile mjomba alipotufokea tusiguse hata nyasi.

"Uji mchachu una meno," mama akasema.
"Umenitoboa sufuria mbili za alumini.
Kilicholala ukutani humu, utakiamsha,
halafu alfajiri, kikombe kwa kikombe, ishirini kwa ishirini,
niwanyweshe wapakuzi, na watoto wa shule,
na yule mjamzito wa duka la simu anayetaka sukari mara mbili?"

Akakwangua kwa kisu mabaki ya lebo.
Maandishi yalishakwisha.
Ilibaki pembe nyekundu
na nusu ya taya, meno matano.

"Hiyo ni alama ya kampuni tu," Mama Lavenda akasema, ametegemea ua.
"Nipe mimi niwekee maji.
Mbona sote tunafunika maharagwe kwa nailoni
yakitokota, na hatujafa?"

Mama hakujibu.
Niliona jicho lake likienda jikoni,
kwenye sufuria yetu iliyovimba karatasi nyeupe juu kama shavu la mgonjwa,
likarudi.

Nilidhani ataurudisha kwa Ojijo, amshike shati.
Hamsini, kwetu, ilikuwa chakula cha jioni.
Akachukua msumari wa inchi nne, na jiwe,
akautoboa mtungi
kitakoni, mbavuni, shingoni,
ko, ko, ko,
nikahesabu hadi kumi na saba.

"Dorsila! Si ungemuuzia mtu tu?"

"Ndivyo Ojijo alivyofikiri."

Chungu alichokopa kwa wafinyanzi kilikuwa kizito,
kilivuja wiki ya kwanza,
na mama alikilaani kila alfajiri akikiinua,
akakilaani miaka tisa.

Na maharagwe, usiku huo, aliyafunika kwa sahani.
Haikutosha mdomo wa sufuria.
Mvuke ulitokea upande mmoja, ukaiva ukuta,
nasi tukala tumechelewa.