Shahamu ya Kuzibia Kioo

Wavulana ndio waliofundishwa hewa.
Sisi, chumba cha chini, tulisokota sufu
tangu kengele ya alfajiri hadi macho yawashe,
na dari ikitetemeka kwa viatu vyao
tulijua: leo kuna somo la maumbile.

Nyumba ya mayatima ilikuwa kando ya mto Saale,
madirisha mengi, kuni chache.
Wafadhili walikuja Jumanne,
manyoya ya mbweha shingoni,
kutazama namna sadaka yao inavyofikiri.

Jumanne moja ya Februari pampu ikavuja.
Mwalimu Zeidler akapaza sauti ngazini:
Shahamu! Leteni shahamu upesi!
Na kwa kuwa mpishi alikuwa na homa
na mlango ulikuwa karibu na kigoda changu,
mimi, Rosina, binti wa mfua misumari Krahnert,
nikapanda na bakuli la mafuta ya kondoo
ngazi nilizozijua kwa kuzisugua tu.

Nikapaka ukingo wa kengele ya kioo, kwa kidole.
Hakuna aliyeniambia toka.
Yatima hadeki, lakini yatima hujua kusimama
pembeni, kama fagio.

Ndani ya kioo palikuwa na tofaa.
La mwaka jana, limenyauka,
lina makunyanzi kama uso wa bibi
aliyenileta langoni
akasema ningoje kidogo.

Lobegott na Ehrenfried wakashika mpini,
wakavuta, wakasukuma, jasho katika baridi ile,
na tofaa,
        sijui niseme vipi,
tofaa likakumbuka.
Ngozi ikajinyoosha. Mashavu yakajaa.
Likawa tofaa la Septemba,
na hakuna aliyelilisha kitu:
walikuwa wanaondoa, wanaondoa tu.

Mke wa diwani akapiga makofi.
"Kama watoto hawa," akamwambia mumewe,
"walivyonawiri mikononi mwetu."

Ndipo mwalimu akafungua koki.
Hewa ikarudi ikipiga mbinja
na tofaa likazeeka papo hapo, mbele ya wageni.
Makofi hayakusikika.

Kwa nini? akauliza Zeidler.
Ehrenfried akajibu kwa Kilatini, akapewa mkate mweupe.
Mimi nilikuwa na jibu la Kijerumani cha jikoni,
lina unga unga:
pumzi ilikuwa yake tangu mtini.
Sisi wa nje ndio tuliokuwa tumelikandamiza.
Nikalimeza jibu langu. Nikafuta kioo.
Wageni wakaenda kula, na tofaa wakalisahau.

Tulilikata vipande kumi na kimoja
kwa mkasi wa sufu.
Lilikuwa na ladha ya kondoo.
Niliwasimulia huku tukitafuna
na Benigna, ambaye hakumwamini hata padri,
akasema: mwongo wee, nionyeshe.

Nimuonyeshe kwa pampu ipi?
Nikangoja Novemba, siku ya kuchinja nguruwe.
Nikaiba kibofu. Nikakipulizia pumzi moja tu,
nikakifunga kwa uzi tuliousokota wenyewe,
kikalala kiganjani kama soksi iliyolowa.
Usiku nikakishika karibu na mlango wa tanuri.

Kikatuna.
"Nani amepuliza?" akanong'ona Benigna.
Hakuna.
"Kirudishe kwenye baridi."
Nikakirudisha. Kikanywea.
"Tena."

Tulirudia mara saba, hata kikapasuka,
tukalala na harufu yake nyweleni.

Kitabu cha hesabu cha mwaka ule nimekiona, uzeeni,
nilipoitwa kufua mapazia ya ofisi.
Lobegott yumo: mpima ardhi.
Ehrenfried yumo: muuza dawa, Leipzig.
Na chini ya Februari, kwa wino uliofifia:
*shahamu, nusu ratili, kwa ajili ya sayansi.*
Nusu ratili ile niliibeba mimi.

Benigna hakusema neno asubuhi iliyofuata.
Uzi wake tu ulikatika mara tatu,
akachapwa mara tatu,
na kila mara msimamizi alipoinua fimbo
yeye alikuwa ametazama tanuri.