Chupa ya Nne

Famau ametuma chupa ya nne.
Imeletwa na kijana wa Bi Zena aliyerudi Umra,
imeviringishwa ndani ya soksi isivunjike,
na sauti yake ikatangulia kwenye simu:
Mbili asubuhi, moja usiku. Hii ndiyo yenyewe.
Mama wa mwenzangu kazini
amekumbuka hadi deni la mwaka wa sabini.

Zile tatu za mwanzo ziko kidakani, ubavuni mwa birika:
B kumi na mbili, nyekundu ya komamanga;
E, manjano, laini kama jicho;
na mafuta ya samaki.
Mafuta ya samaki, Famau!
Yamepanda ndege kuja Lamu, mtaa wa Langoni,
ambako paka hulikataa kichwa cha changu.

Nimeisoma lebo. Nimeisoma kwa miwani ya mama,
maana yeye haitafuti tena.
"Huenda ikasaidia kumbukumbu."
Huenda. Wameliandika kwa herufi za sisimizi.

Asubuhi nasema, Mama, dawa.
Hunyoosha kiganja kama mtoto angojaye halua.
"Ahsante, Barka."
Barka ni dada yake. Alizikwa mimi sijaota meno.
Humjibu kwa sauti ya Barka,
na kwa kuwa siijui, naibuni.

Daktari Kahindi alimtoa damu,
akaitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.
Hakunipamba.
Lau angepungukiwa na B hii, alisema, tungemdunga sindano,
na wako niliowaona wakirudi.
Lakini mama yako hakupungukiwa.
Kisima kimejaa. Kilichokatika ni kamba.
Na hizi za E?
Akafunga faili. Hizo, pamoja na ile dawa yake ya kulainisha damu,
nakuomba uziache.

Nilitoka nimemkasirikia
kana kwamba ndiye aliyeikata.
Za manjano niliziacha. Baada ya wiki mbili.
Nyingine niliendelea kumpa,
kwa sababu saa mbili asubuhi ni lazima mtu afanye kitu,
na kwa sababu kila Ijumaa Famau huuliza, Anakumbuka?
nami husema, Juzi, kidogo,
naye husema, Unaona!

Sindano haijamtoka.
Miaka arobaini ametoboa kofia za vito,
na hata sasa ukimwekea kitambaa mapajani
vidole hushika njia
bila kumuuliza yeye anakwenda wapi.

Jumatatu niliichukua kofia aliyokuwa akiimalizia,
niifue, niitie kanji.
Ilikuwa nzito.
Sikuitumbukiza. Niliipeleka dirishani.

Baina ya nguo mbili, panapopita uzi wa kujazia,
vidonge.
Kimoja kimoja, kila kimoja na kijumba chake,
kimezungushiwa mshono mdogo usioonekana:
vyekundu, vyeupe, vya manjano vilivyokwisha pasuka
na kuacha madoa kama ya pilau.
Nilihesabu hadi hamsini na nane
nikaketi chini, nikacheka,
kisha sikuwa nikicheka.

Mama, hii ya nani?
Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bahari iko wapi.
"Ya yule. Wa kitwa kikuu.
Huya yuu ya Idi."

Jina hana.
Nikatoa utepe wa kupimia kwenye kikapu chake.
Shuleni tulimwita Dafu, kaka yangu,
hakuna kofia dukani iliyomwingia:
inchi ishirini na tatu na nusu.
Nikauzungusha utepe, mara mbili, sikuyaamini macho yangu.
Na nusu.

Leo Ijumaa. Simu inalia.
Chupa ya nne ingali imevaa soksi.
Mama, kwenye kiti chake, amenyoosha kiganja,
nami nimemwekea tende.

Anakumbuka? anauliza Famau.
Mtandao unakatika, unarudi, unakatika.
Dada? Unanisikia? Anakumbuka?

Kofia yako, namwambia,
inanuka samaki.